Hoteli za Diani kwa mgeni wa ndani: nilichokikuta, na kwa nini bado napeleka watu

Nianze na hukumu yangu, maelezo yafuate. Diani, ufuo wa Kwale kusini mwa Mombasa, bado inastahili pesa ya Mkenya, hasa Mei na Juni na tena Septemba, lakini hoteli nyingi za ufuo ule zinamhesabu mgeni wa ndani kuwa mtu wa kujaza vitanda mpaka wageni wa nje wafike. Nasema hivi nikiwa nimetandika vitanda huko kwa miaka mingi, nikapanda nikawa supavaiza wa vyumba, na leo riziki yangu ni kupeleka vikundi: vyama vya akina mama, walimu, wanachama wa SACCO, na familia zinazotaka kumalizia Idi baharini. Nikiingia hotelini siangalii kidimbwi kwanza. Naangalia nyuma ya mlango wa bafu.

Hoteli ninayoiandikia hapa ina vyumba zaidi ya mia moja na iko upande wa bahari wa barabara ya Diani. Jina lake naliacha, kwa sababu kasoro zake nimezikuta pia kwa majirani zake, na kwa sababu meneja alikaa nami akanisikiliza mpaka mwisho. Tulilipa shilingi 9,500 kwa mtu kwa usiku, wawili kwa chumba, pamoja na kiamshakinywa na chakula cha jioni. Kikundi kilikuwa chama cha akina mama kutoka Thika waliolipa mdogo mdogo kwa M-Pesa tangu Januari. Kwa wengi wao hii ilikuwa mara ya kwanza kulala hoteli ya ufuoni, na pesa waliyoilipa ilikuwa ya kuku, ya maziwa na ya duka. Mtu wa hoteli akiniambia mgeni wa ndani "hana pesa" huwa namkumbuka mama anayetuma mia tano kila Jumamosi kwa miezi mitano.

Safari siku hizi ni nyepesi kuliko zamani. Treni ya SGR ya kutoka Nairobi, ambayo nauli ya daraja la kawaida ilipanda kutoka shilingi 1,000 hadi 1,500 mwanzoni mwa 2024, inakuteremsha Miritini, nje ya kisiwa cha Mombasa. Ukitoka hapo zamani ungeingia mjini, ukapanga foleni Likoni, ukasubiri feri na jua lako. Sasa kuna barabara ya Dongo Kundu: unapita juu ya maji kwenye daraja la Mteza, unatokea Kibundani, na mji wa Mombasa umeuacha mkono wa kushoto bila kuukanyaga. Tangu nianze kazi hizi sijaona jambo kubwa zaidi kwa hoteli za Pwani ya Kusini. Miaka yote wenye hoteli walilia feri, na walikuwa na haki. Mgeni aliyekosa ndege kwa sababu ya foleni ya Likoni hakurudi tena. Kilio hicho sasa kimejibiwa, kwa hiyo kasoro zilizobaki ni za ndani ya geti.

Ya kwanza tuliikuta mapokezini. Juisi ya ukwaju ilikuwa baridi na nzuri, vijana walitukaribisha kwa heshima, mizigo ikapokelewa. Kisha funguo zikatolewa, na kikundi chote kikapelekwa vyumba vya nyuma, karibu na jenereta. Nikatembea hadi mbele. Vyumba vya kutazama bahari vilikuwa vitupu, mapazia yamefungwa, safu nzima. Nikamuuliza dada wa mapokezi. Akanijibu kwa upole, "Mama, vile vimewekwa kwa ejenti wa nje."

Kwa wasiojua, mambo huwa hivi. Kampuni ya kuuza safari iliyoko Ujerumani, Italia au Uingereza hutengewa idadi fulani ya vyumba kwa mwaka mzima, kwa bei iliyopatanwa mapema na iliyo ya chini sana. Hoteli haitakiwi kuviuza mpaka tarehe fulani ya kuviachilia ifike. Msimu wa Krismasi mpango huo una maana. Mwezi wa Mei, hoteli ikiwa nusu tupu, kumnyima mtu aliyelipa na amesimama mbele yako, ukimlindia chumba mtu ambaye hata tiketi hajakata, ni kutoijua biashara. Meneja alipokuja alikubali, akatuhamishia vyumba sita mbele siku ileile. Nampa sifa kwa hilo. Lakini ilihitaji mtu anayejua la kuuliza, na kikundi kisicho na mtu kama huyo kingelala na mngurumo wa jenereta usiku kucha na kuamini kwamba bahari haikuwa haki yao.

Vyumba vyenyewe sasa. Shuka zilikuwa safi, nyeupe kweli, si zile za kijivu zilizofichwa chini ya kitambaa cha mapambo. Godoro lilikuwa zuri. Chandarua hakikuwa na tundu. Aliyepiga rangi ukuta alifanya kazi nzuri, lakini chuma cha bomba la kuogea kilikuwa kimeliwa na chumvi, na kichujio cha kiyoyozi kilikuwa na vumbi la miezi. Ukifuta kichujio kwa kidole na kidole kikatoka cheusi, jua fundi ameshapunguzwa kazini. Rangi huonekana kwenye picha, kichujio hakionekani, ndiyo maana pesa ya ukarabati hukimbilia ukutani. Maji ya moto yalitoka asubuhi tu. Hilo nililisamehe, kwa sababu najua gharama ya umeme na dizeli kwa hoteli ya pwani, na pia maji: eneo zima linategemea visima, na kila hoteli inayojali jina lake lazima iwe na matangi yake na mashine zake za kusukuma.

Chakula ndicho kilichoniuma. Kiamshakinywa cha kwanza: soseji, maharagwe ya kopo, mkate wa slesi, nafaka za boksi, matunda. Mahamri yalikuwepo, madogo, baridi, yamesukumwa pembeni karibu na vyombo vichafu. Mbaazi hazikuwepo kabisa. Uko Kwale, nazi zinaanguka bustanini mwa hoteli, na mbaazi za nazi hazipo mezani! Jioni bafe ilikuwa na tambi za aina tatu. Nikaingia jikoni kuongea na mpishi wa zamu, kijana wa Msambweni, akaniambia anajua kupika samaki wa kupaka tangu utotoni, alifunzwa na nyanyake, ila menyu hutoka juu na imeandikwa kwa mzunguko wa siku kumi na nne unaofuata ladha ya mgeni wa Ulaya. Siku ya pili meneja alimruhusu. Tukaletewa changu wa kupaka, wali wa nazi, mchicha, kachumbari yenye pilipili ya kweli, na ugali kwa wasioweza kulala bila ugali. Akina mama wa Thika walikula wakanyamaza, na meza mbili za Wajerumani wazee zikaja kuuliza kile ni nini na kwa nini hawajawahi kupewa.

Hapo ndipo hesabu ya hoteli hizi inaponishinda. Samaki huyo alivuliwa maili chache kutoka pale. Kila sahani yake inamlipa mvuvi wa Gazi au Tiwi, na mgeni wa nje ameruka maelfu ya maili akitamani kitu kama hicho. Kopo la maharagwe halimpi faida yeyote aliyeko Kwale. Matembezi ni vivyo hivyo: meza ya safari iliuza pomboo wa Kisite na chakula cha mchana Wasini, safari nzuri lakini ya bei, huku Gazi, mwendo mfupi kwa matatu, kuna akina mama wenye njia ya mbao ndani ya mikoko wanaokuongoza wenyewe na kukupikia. Tulikwenda kwa gari letu. Hotelini hakuna aliyetuambia kwamba pako.

Jambo jingine ni kidimbwi. Nusu ya wanawake niwapelekao wanavaa buibui, au kwa sababu zao nyingine hawataki kuogelea mbele ya wanaume. Walikaa ukingoni na miguu majini. Hoteli ina vidimbwi viwili, na asubuhi mapema kimoja huwa hakina mtu. Kukitenga kwa akina mama kwa saa mbili hakugharimu kitu isipokuwa pazia la makuti na mlinzi mwanamke. Familia za Eastleigh, za Mombasa, za Lamu, wageni wa Zanzibar na hata wa Oman wangejaza vyumba kwa ajili ya saa hizo mbili. Msikiti wa Kongo uko pale mwisho wa ufuo, Mto Mwachema unapoingia baharini, una karne nyingi kuliko hoteli yoyote ya Diani, na chumbani bado nalazimika kuuliza kibla kiko upande gani.

Huduma ya wafanyakazi, naipa alama zote. Na ndiyo inayonitia hofu zaidi, kwa sababu najua inasimama juu ya nini. Msichana aliyesafisha vyumba vyetu alikuwa na vyumba kumi na sita kwa siku. Alikunja taulo vizuri, alimletea mama mmoja mgonjwa tangawizi bila kuombwa, na alijua majina yetu yote siku ya pili. Ni kibarua. Hupigiwa simu asubuhi kama kuna kazi, na masika ikiingia huambiwa akae nyumbani mpaka Julai. Amekuwa hivyo kwa misimu kadhaa katika hoteli ileile. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 37, inasema kibarua akifanya kazi mfululizo kwa siku zinazotimia mwezi mmoja, anastahili kuhesabiwa mwajiriwa wa mkataba. KUDHEIHA, chama cha wafanyakazi wa hoteli, kinaijua sheria hiyo, wenye hoteli wanaijua, na bado njia ya kuikwepa ni kukata siku katikati. Nimepita humo, najua mtoto anavyorudishwa kutoka shule mwezi wa Mei.

Wasichana kama huyu hawangoji tena. Doha, Dubai na Riyadh zinawachukua, kwa mshahara wa kila mwezi na kitanda cha kulala, na zinawapata tayari wamefundishwa. Chuo cha Utalii pale barabara ya Thika, Nairobi, kimetoa watu wa kiwango tangu 1975. Cha Pwani, cha Ronald Ngala kule Vipingo, ujenzi wake umevuta zaidi ya miaka kumi. Kwa hiyo vijana wetu wengi wamefundishwa na kazi yenyewe, chini ya watu kama mimi, na hoteli inayomwacha mtu wa namna hiyo aondoke imetupa kitu ambacho hakinunuliki kwa mkopo.

Kuhusu kesho ya hoteli hizi, watu wananiuliza sana, hasa wenye shamba wanaotaka kujenga. Takwimu za nchi zinapendeza. Mwaka 2019 Kenya ilipata wageni wapatao milioni 2 kutoka nje, 2020 wakaanguka chini ya laki sita kwa sababu ya korona, na 2024 wakafika takriban milioni 2.4, idadi ambayo ilikuwa haijawahi kuonekana. Ila msomaji wa hesabu hizo aangalie wanakotoka na wanakokwenda. Wanaoongoza ni Wamarekani, wakifuatwa na Waganda na Watanzania. Wengi hushukia Nairobi kwa mikutano, jamaa na Maasai Mara. Hata Nairobi kwenyewe jina kubwa halikuokoa kila mtu: Hilton iliyokuwa alama ya katikati ya jiji tangu 1969 ilifungwa mwisho wa 2022. Ufuo wetu unapata sehemu yake, lakini Zanzibar iliyo jirani, visiwa vidogo tu, ilipokea wageni zaidi ya laki saba mwaka huohuo wa 2024, wengi wao kwa ndege za moja kwa moja. Mombasa imeanza kufungua mlango: flydubai ilianza kutua Januari 2024, na Ethiopian na Turkish zinakuja. Waganda na Watanzania hao nao, ukiwatazama, wana mahitaji yaleyale ya mama wa Thika. Wanakuja kifamilia, wanataka kula chakula wanachokijua, na wanapigiana simu kuambiana palipo pazuri.

Nina sababu ya kung'ang'ania mgeni wa karibu. Agosti 1997, kituo cha polisi cha Likoni kiliposhambuliwa na ghasia zikaenea, nilikuwa sijakaa kazini muda mrefu, na ndani ya wiki chache hapakuwa na kitanda cha kutandika. Novemba 28, 2002, Hoteli ya Paradise kule Kikambala ililipuliwa. Watu 13 waliuawa, Wakenya 10 na Waisraeli 3, na miongoni mwa Wakenya walikuwamo wachezaji ngoma wa Kigiriama waliotoka kuwapokea wageni. Walikuwa wenzetu wa kazi. Yakaja machafuko ya baada ya uchaguzi wa Desemba 2007. Mei 2014 Uingereza ikatoa tahadhari ya usafiri, kampuni za safari za Thomson na First Choice wakawakusanya wateja wao na kuwarudisha kwao kwa ndege, wakafuta safari za Mombasa kwa miezi, hoteli zikafunga mageti moja baada ya nyingine. Tahadhari ililegezwa Juni 2015, lakini ndege za kukodi hazikurudi kwa wingi wa zamani. Kisha korona, Machi 2020. Kila mara, kila mara, aliyekuja kutufungulia milango alikuwa Mkenya na bei ya "wakazi". Na kila mara Mzungu aliporudi, bei ile ikafutwa, na Mkenya akarudishwa karibu na jenereta.

Tena tuliona hatari ya kumtegemea mleta wageni mmoja. African Safari Club ilikuwa na hoteli kadhaa kuanzia Shanzu hadi Watamu, na ndege zake. Mgeni alilipa Ulaya, akaletwa, akalishwa, akarudishwa. Ilipoporomoka, hoteli zake zilizimika pamoja, na sehemu kubwa ya Shanzu ikabaki magofu yenye nyasi.

Sihimizi wageni wa nje wafukuzwe. Wanalipa vizuri, wengine wamekuwa wakija tangu nikiwa kijana na tunaulizana habari za watoto. Fedha zao za kigeni zinahitajika. Ila hata hizo zina mtikisiko wake: dola ilikaribia shilingi 160 mwanzoni mwa 2024, ikashuka hadi karibu 130 kabla mwaka haujafika katikati, na hoteli iliyokuwa imekwisha kupatana bei kwa dola ikajikuta inapokea shilingi chache kwa chumba kilekile huku mishahara na mboga za soko la Kongowea vikiwa palepale. Mwaka huohuo riba ya Benki Kuu ilikuwa imepandishwa hadi asilimia 13, kwa hiyo mkopo wa kubadilisha mabomba yaliyooza ukawa mzito. Ushuru wa VAT ni asilimia 16 na tozo ya utalii asilimia 2, na vyote hivyo vimo ndani ya ile 9,500 yetu. Najua meneja hana nafasi kubwa. Lakini kubadilisha menyu, kufungua mapazia ya vyumba vya mbele na kumpa msichana mkataba wa miezi kumi na miwili hakuhitaji benki.

Mshindani halisi yuko nyuma ya barabara. Fleti za kukodi zimejaa Ukunda na Diani yenyewe, kama zilivyojaa Nyali na Bamburi: vyumba viwili, jiko, intaneti, kidimbwi kidogo, na mpishi wa kukodi anayekuja na kikapu chake na kukupikia pilau utakavyo. Familia ya watu sita hulipa huko kwa usiku bei ya watu wawili hotelini. Vijana wa Nairobi wameshahamia. Hoteli inaweza kuwashinda kwa mambo matatu: ufuo ulio mlangoni, watu wanaojua kuhudumia, na bustani zenye mbega wanaovuka barabara kwa ngazi za kamba juu ya magari (watoto wetu waliwatazama kuliko walivyotazama bahari). Hayo hayamo kwenye fleti. Zikiendelea kumuuzia Mkenya maharagwe ya kopo na chumba cha nyuma, zitaendelea kumpeleka kwenye fleti.

Kwa jumla hoteli hii naipa nyota tatu na nusu kati ya tano, na ile nusu ni ya mpishi wa Msambweni. Mwenye kwenda na familia aombe chumba cha mbele kwa maandishi kabla ya kulipa amana, aulize kama maji ya moto ni ya siku nzima, na asiache kuomba chakula cha hapa, maana jikoni wanakijua na wanangoja kuombwa. Bakshishi mpe aliyekuhudumia mkononi mwake.

Agosti nina walimu kutoka Machakos. Nimemwandikia meneja kwamba nataka vyumba kumi vinavyotazama bahari, mbaazi na mahamri ya moto kila asubuhi, mhudumu yuleyule wa vyumba akiwa na mkataba wa msimu mzima, na kidimbwi kimoja cha akina mama saa kumi na mbili hadi saa mbili. Amekubali vyumba na chakula siku hiyohiyo. La mkataba amesema analifuatilia na ofisi ya wafanyakazi, na la kidimbwi amelipeleka kwa wakurugenzi. Amana ya walimu bado ninayo mimi.